Nadhiri ya Msafiri wa Kigongo

Kabla ya daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kama kilomita 3, kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita mara nyingi alingoja kivuko pale Kigongo, na tuchukulie kwamba mmoja wao, Mwislamu, alipoona Ghuba ya Mwanza imechafuka, alitia nadhiri akisema, "Nikivuka salama, nitafunga siku tatu."

Wanahisabati wanazo alama za kauli kama hiyo. Gottlob Frege, Mjerumani, alizitungia kauli za masharti alama mwaka 1879. Waliomfuata wakazoea kuandika mshale kati ya sharti na jawabu lake, kwa kanuni kwamba kauli nzima ni ya uwongo pale tu sharti linapotimia na jawabu lisitimie. Kenneth Iverson, mwaka 1962, akazidi kufupisha: kauli ikiwa kweli, ihesabiwe 1, ikiwa si kweli, 0. Mpaka hapo hisabati na fikihi zinapatana, maana asiyevuka hadaiwi kitu, na mshale nao humwandikia 1.

Lakini tuseme alivuka salama usiku wa kuamkia Ramadhani, akaufunga mwezi wote, asiongeze hata siku moja. Amevuka, na amefunga siku tatu na zaidi. Hesabu inatoa 1. Fakihi atakataa, kwa kuwa saumu ya faradhi haishiki mahali pa saumu ya nadhiri, kila moja ikiwa na nia yake. Mwanahisabati aweza kujitetea kwamba jawabu liliandikwa vibaya, liongezwe "zisizo za Ramadhani". Naam, na kesho akifunga siku tatu za kafara ya kiapo, ataongeza nini tena?

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kutenga kauli ya sharti ya luzuma, ambamo jawabu hulazimika kwa sababu ya sharti lenyewe, na ile ya ittifaki, ambamo mambo mawili yamesadifiana tu. Mshale hauijui tofauti hiyo, wala simlaumu Frege, kwani uthibitisho wa hisabati hauhitaji zaidi; bali nadhiri, ukiiondolea ile luzuma, husalia njaa tupu. Kwa hiyo msafiri wetu, Idi ikishapita, tangu tarehe 2 Shawwali angali anadaiwa siku zake tatu, ingawa hesabu imekwisha kumwandikia 1.