Kaeni Naye Angali Hai

Wanangu wa Kibugu, nanyi wazee wenzangu, nimechoka kuitwa kaburini kumwombea kijana aliyejiua, ambaye hakuna aliyemuuliza habari zake. Sauti bado ninayo, ila maneno ya matanga yameniishia. Leo nisikilizeni kabla jembe halijashikwa tena.

Kahawa ikipigwa na ugonjwa, mnaona tangu tunda la kwanza kuwa jeusi, na kabla ya jioni mmeshamtafuta afisa wa kilimo. Lakini kijana aliyeacha kwenda kuchuma majani chai, asiyelala, asiyekula, anayegawa kuku wake na redio yake bila sababu, huyo mnamwita mvivu. Mnamwambia ajikaze, mwanamume halii. Amejikaza! Mikopo ya simu imemkaba, kamari imekula karo ya mtoto, bonasi ya majani chai imekuja ndogo, na bado amejikaza.

Najua mtasema hiyo ni kazi ya daktari. Kenya madaktari wa akili ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Sasa tuwangoje wapande mlima?

Mwaka 2002, Masaka na Rakai kule Uganda, walijaribu jambo katika vijiji 30. Katika baadhi ya vijiji hivyo, watu wenye sonona waliwekwa vikundini, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na mtu wa papo hapo aliyepewa mafunzo, si daktari. Walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakazungumza kuhusu waliowazika, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyogeuka ghafla, upweke. Hayo tu. Mwishoni, kati ya kila 100 waliokuwa vikundini, hawakufika 7 waliobaki na sonona. Kwenye vijiji visivyopewa vikundi, walikuwa zaidi ya nusu. Nanyi mna vyama vya kila namna hapa, cha ng'ombe, cha matangi ya maji, cha sahani. Kimoja kikitenga saa moja ya kusikilizana, mchango wa wiki utapungua?

Zimbabwe nako daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa ambaye kwao walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Nauli, wanangu! Mwaka 2006 akaanza kuwafunza akina nyanya wa Mbare, jijini Harare, kuketi na wenye mawazo mazito kwenye benchi nje ya zahanati. Wazee wenzangu, benchi sisi tunazo mbele ya kila duka, tunazikalia kutwa tukichambua siasa. Na msiseme hayo ni ya ng'ambo. Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwafunza hata waganga wa kienyeji na wahubiri kumtambua mwenye sonona na kumpeleka kwa wauguzi. Mchungaji anayefukuza pepo bila kumtuma mtu hospitalini ameifanya nusu ya kazi, nami namwambia hivyo machoni.

Wako wanaoficha mgonjwa kwa kuogopa polisi. Ni kweli kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimtisha aliyejaribu kujiua kwa kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi kisingizio hicho kimekufa.

Ili sumu isiwe karibu na mkono wa aliyekata tamaa, dawa za kunyunyizia shamba zifungieni kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mzima mwingine. Sri Lanka ilipopiga marufuku zile kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka sana.

Na mkimshuku mtu, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa mlango wa kusemea. Akikubali, usimwache peke yake, na usikimbilie kumhubiria. Mpeleke zahanati au hospitali kuu ya Embu, au pigeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Yule mhudumu wa afya wa kijiji anayezunguka na mkoba wake mmezoea kumwonyesha shinikizo la damu la nyanya tu. Wiki hii akibisha hodi, mketisheni, mmweleze pia kuhusu yule kijana asiyetoka chumbani.