Uaminifu wa Mwanafunzi

Kurithi mali ni jambo jepesi. Kurithi ujuzi ni jambo zito. Nyumba hupokewa kwa ufunguo na shamba hupokewa kwa mipaka yake, lakini ujuzi hauna ufunguo wala mpaka. Mwalimu akifa, mwanafunzi hubaki na swali lisilo hakimu: je, uaminifu ni kutenda vile vile alivyotenda mwalimu, au ni kulitumikia lile alilolitumikia yeye? Swali hili laweza kupimwa katika maisha ya waimbaji wawili wa Unguja, Siti binti Saad na Bi Kidude.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya watu maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye mwenyewe alichuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba taarabu, sanaa iliyolelewa katika jumba la Sultani na kuimbwa kwa Kiarabu. Siti aliipokea, kisha akaiimba kwa Kiswahili, akatia ndani yake habari za watu wa Ng'ambo: dhuluma, hila za wenye nguvu, na machungu ya wanawake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Kama uaminifu ni kurudia, basi Siti ndiye wa kwanza kuuvunja, maana alichowapa watu si kile kile alichopewa. Lakini nani atathubutu kumwita mwizi wa taarabu? Aliitoa ukumbini akaifikisha uani, nayo haikupungua, iliongezeka.

Bi Kidude, ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Hata hivyo alipoimba nyimbo za Siti, kama Muhogo wa Jang'ombe, hakuwa kivuli cha mtu. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na ilikuwa yake peke yake. Tena alikuwa kungwi, mwalimu wa wanawari, na mapigo ya unyago aliyafikisha hata jukwaani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Tarehe 17 Aprili 2013 aliaga dunia.

Wapo wasemao kwamba kila mrithi akigeuza kidogo, baada ya vizazi vitatu hakitabaki kitu. Hoja hii haistahili dharau, hasa katika unyago, ambao ni mafunzo ya faragha. Hapa yafaa kutenganisha namna na amana. Namna ni sauti, ala na mpangilio. Amana ni lile ambalo mwalimu alimwamini mwanafunzi alilinde. Juu ya namna mwanafunzi ana ruhusa. Juu ya amana hana. Mapigo ya ngoma husikika hata nje ya ua, lakini maneno ya kungwi kwa mwari hayasikiki. Atoaye la kwanza hajatoa la pili; walakini ni wajibu wake kuukumbuka mpaka huo kila apandapo jukwaani.

Wapigaji wa jazi wa Marekani walilijua jambo hili katika sanaa yao. Wimbo mmoja hupigwa na watu mia kwa namna mia, na kila mmoja husifiwa kwa namna yake; lakini asiyeujua wimbo wenyewe hana cha kugeuza, na kelele zake hazina jina. Uhuru wa mwanafunzi hununuliwa kwa utii wa miaka mingi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na asiyekubali kuvukuta hatasana kamwe.

Santuri, basi, ni shahidi; mwanafunzi ni mrithi. Shahidi husema neno lile lile siku zote, na twamhitaji, maana bila yeye mrithi angeweza kudanganya. Lakini shahidi hajibu swali la leo. Mwenye kujibu ni mtu aliye hai, aliyefundishwa na mtu aliye hai.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza twawaheshimu vipi wafu wetu. Mwaka 2002 kilifunguliwa Mji Mkongwe chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako vijana hujifunza udi, kanuni, fidla na ngoma, na wengine wao huchanganya taarabu na jazi. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa uhaba wa fedha. Kumsifu Siti kaburini ni bure, hakuna gharama; kumlipa mwalimu anayemshika mtoto vidole juu ya nyuzi kuna gharama. Watu wasiokubali gharama hiyo watabaki na mashahidi wengi wasio na mrithi hata mmoja, na lawama haitakuwa ya vijana waliogeuza nyimbo, bali ya wazee waliokosa kuwafundisha.