Paa Langu, Mvua ya Jirani

Natafuta paa la baraza ndogo nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni, na kila fundi ninayemuuliza ananirudishia swali lilelile: boss, bajeti ni ngapi? Ni swali la haki. Lakini bei inaniambia paa litanigharimu mimi kiasi gani. Haisemi litamgharimu nani mwingine.

Chukua makuti. Chini yake kuna ubaridi, mvua ikinyesha stori zinaendelea, na sehemu ya pesa inawafikia wasukaji wa Kilifi na Kwale. Moyo wangu uko hapo, sikatai. Lakini mtaani kwetu nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Cheche ya jiko la makaa ikirukia makuti yangu, moto hautauliza mpaka wa ploti. Ubaridi naufaidi peke yangu, hatari nagawana na jirani ambaye hakuulizwa.

Mabati hayashiki moto. Ila ya geji 32 ni membamba, na saa nane mchana mtu anaiva chini yake. Fundi anasema tupake nyeupe ipunguze joto. Sawa, lakini wa ghorofani nyuma yetu ndiye atakayepigwa na mng'ao dirishani. Mteremko nao ukielekea upande wake, maji yote ya masika yanamwagikia uani kwake. Shiti za plastiki zinazopitisha mwanga zinapendeza kwenye picha, ila jua likishazipiga miaka kadhaa zinageuka manjano, zinapasuka, zinaishia jaani. Bati kuukuu angalau hupata kazi ya pili: ua, banda la kuku.

Kuna atakayesema: ukimfikiria kila mtu, hutajenga kitu. Na kwamba ploti ni yangu, kwa hivyo kila mtu apambane na hali yake.

Mimi hapo nakumbuka asbesto. Kwa aliyekaa chini yake, lilikuwa paa zuri: haliungui, halishiki kutu, mvua haipigi kelele kama kwenye bati. Ukipima kwa faida ya mwenye nyumba tu, lilifaulu mtihani wote. Gharama ilikuwa kwenye mapafu ya aliyekata zile shiti, na ya atakayezibomoa miaka mingi baadaye, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa ndani huweza kuleta saratani. Hapa Kenya, kanuni za taka za 2006 ziliiweka asbesto kwenye orodha ya taka hatari. Bado kuna majengo yanayoibeba juu, na kuna mtu, labda kibarua wa siku moja, atakayetumwa kuishusha.

Kwa hivyo sidai kwamba paa lazima limfurahishe kila mtu. Nadai kitu kidogo zaidi: asiyeweza kusema hapana asikilizwe kwanza. Mimi naweza kubadilisha mawazo hata leo. Jirani hawezi kukataa moto wangu, na kibarua wa kesho hayupo hapa abishane nami.

Mzigo huu hauwi sawa kwetu sote, lakini. Anayenunua geji 32 kwa sababu mfuko umeishia hapo hana deni la maadili kwangu. Anasitiri watoto wake. Deni linaongezeka kadiri machaguo yanavyoongezeka, na baraza ni starehe. Mtu anayejenga mahali pa kunywa chai jioni hawezi kusema alilazimika.

Nimeamua mabati ya geji 28, rangi ya kijivu isiyong'aa, mteremko uelekee kwetu, na gata ipeleke maji kwenye tangi. Baraza itakuwa na joto kuliko ya makuti, na gata na tangi vimepandisha gharama. Fundi anaona natupa pesa. Mimi naona hii ndiyo bei ya paa yote; zile zingine zilionekana nafuu kwa sababu sehemu yake ingelipwa na mtu mwingine.