Juma la Michezo Shuleni

Wako waulizao, hata hapa Nzuguni: mtoto amepelekwa sekondari asome, lafaa nini juma zima la michezo, bweni kushindana na bweni? Hujibiwa ya kuwa ndipo waonekanapo wepesi wa kupelekwa UMISSETA. Ni kweli, lakini jibu hilo lawahusu wachache. Je, wasioteuliwa wamepata nini?

Mwaka 1968 huko Mexico, katika mbio za marathoni za Olimpiki, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti. Akafungwa kitambaa, akaendelea, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nasi twamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia.

Uvumilivu wa namna ile haufundishwi ubaoni. Katika juma la michezo mtoto mzito hushindwa mbele ya watu (na vumbi la Dodoma halimwonei mtu haya), kisha jioni hana budi kula ugali pamoja na yule aliyemshinda, na kesho yake aingie uwanjani tena. Basi mwalimu awachezeshaye wepesi peke yao, na kumweka mzito kando alinde nguo za wenzake, amemnyima yule hasa aliyelihitaji juma hilo.