Nani Ashike Ufunguo wa Jina Lako?

Ukitaka kujua kwamba jina la mtu si mali yake peke yake, njoo Tukuyu. Mwamkie mzee yeyote pale stendi, umpe shikamoo yako vizuri, halafu subiri. Hatakuuliza unaitwa nani. Atakuuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Ukitaja jina la ukoo lenye ile "Mwa" yake mbele, atatafakari kidogo, kisha atasema, "Aa, wa kule Kiwira, mama yako alikuwa mwalimu." Hapo ndipo unakuwa mtu. Usipokuwa na wa kukutaja, hata uvae suti, wewe ni mpita njia tu anayeelekea Kyela.

Nimeanzia hapo, ndugu msomaji, kwa sababu suala ninalotaka tulijadili linaonekana la mitambo, kumbe ni la siku zote. Nani anashuhudia kwamba sisi ni sisi? Na huyo shahidi, sisi tuna uwezo gani juu yake?

Babu zetu walilijua suala hili kwa uchungu. Enzi za Mwingereza kibarua wa shamba alipewa kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi. Mikono ilikuwa yake na jasho lilikuwa lake, lakini ushahidi kwamba amefanya kazi ulikaa kwenye kalamu ya mtu mwingine. Baada ya uhuru akaja mjumbe wa nyumba kumi, na mpaka leo tunaijua barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Siku hizi kuna namba ya NIDA, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe yako ya kuzaliwa. Tunaikumbuka Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Mtu yuko hai, anapumua, anadaiwa, lakini mtandao unasema haumjui.

Kwenye intaneti mambo ni yale yale. Kila programu inataka jina na neno la siri. Mwenye akaunti kumi anatakiwa awe na maneno ya siri kumi, ingawa tukisema ukweli analo moja tu analolirudia kila mahali. Ndipo ukaja utaratibu wa kuingia mara moja: nyumba moja inakujua, na nyingine zote zinaiamini hiyo moja. Ukibisha hodi maktaba, maktaba haikuulizi neno la siri, inakutuma kwa shahidi. Shahidi anakuhakiki, anakupa hati yenye sahihi yake na muda wake wa kwisha, unarudi nayo mlangoni, unafunguliwa. Maktaba haijaliona neno lako la siri hata kidogo. Ni barua ya mjumbe ile ile, ila hii haikungojeshi barazani asubuhi nzima.

Tamu, sivyo? Sasa angalia shahidi mwenyewe ni nani. Kwa wengi wetu ni kampuni kubwa ya ng'ambo. Mshikaji wangu mmoja alifungiwa akaunti yake na kampuni ya namna hiyo. Kosa hakuambiwa. Picha za mazishi ya mama yake, hadithi zake fupi kumi na moja, barua za kuombea kazi, vyote vilikuwa nyuma ya mlango ule mmoja. Akaandika kuomba, akajibiwa na mashine. Akaandika tena, akajibiwa na mashine ile ile, kwa maneno yale yale. Mjumbe hata awe mkorofi vipi, unaweza kwenda kwake jioni ukakaa mkekani ukamwambia, "Mzee, naomba unisikilize." Mashine utakaa nayo mkeka gani?

Basi tukasema tuwe na shahidi wetu. Tulikuwa vijana 43 tunaokutana kwenye chumba cha kupanga hapa mjini: masomo ya jioni, maktaba ya mafaili, na daftari letu la kuweka na kukopa. Tukachangishana tukanunua kompyuta kuukuu, na mimi niliyekuwa najua kidogo nikapewa kazi. Programu niliyochagua inaitwa Keycloak. Ni ya bure, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2014, na kazi yake ndiyo hiyo ya ushahidi. Niliiweka ndani ya kontena.

Kontena kwa hapa kwetu ni lile duka la chuma kando ya barabara. Hili la kompyuta ni ndugu yake. Programu inafungashwa pamoja na kila inachohitaji, kuni zake na chumvi yake, ili popote utakapoitua ipike bila kuazima kwa jirani. Kifaa cha kufungashia kinaitwa Docker, kipo tangu 2013. Raha yake ni kwamba likiharibika unalitupa, unawasha jingine kwa dakika moja. Jioni moja nikaona kontena langu lina kasoro. Nikalitupa, nikawasha jingine. Likawaka vizuri sana, tupu! Majina yote 43 yamekwenda na maji. Sikujua kwamba kilichomo ndani ya kontena hufa nalo, na kwamba majina yanatakiwa yawekewe ghala lao nje.

Ikabidi niwaite wenzangu waje upya, mmoja mmoja. Na mimi nilijuaje kwamba huyu ndiye huyu? Kwa sura, kwa sauti, kwa "wewe ni wa kwa nani". Pale nikajifunza jambo la kwanza: hakuna mashine inayomjua mtu. Nyuma ya kila mashine kuna mtu aliyewahi kusema, "Huyu namjua."

Jambo la pili lilinigharimu zaidi. Anayeshika ufunguo wa seva ya namna hii ana nguvu ambazo wenzake hawazijui. Maneno ya siri sikuweza kuyasoma, maana husagwa kabla ya kuhifadhiwa, na unga haurudi kuwa mahindi. Lakini kulikuwa na daftari la matukio nililoliwasha mwenyewe: nani kaingia, siku gani, saa ngapi, kwa mtandao gani. Hata kitufe kipo kinachomruhusu msimamizi kuingia akiwa kama mtu mwingine. Usiku mmoja, mvua ya Tukuyu inanyesha kama haina kwao, nikalisoma daftari lile kama mtu anayesoma gazeti. Kulikuwa na dada mmoja, miaka 20 na kitu, anaingia saa nane za usiku, anatoka saa kumi. Kila siku. Kesho yake kijiweni nikasema kwa utani, "Yule dada halali jamani, sijui anasoma au ana yake." Wakacheka. Nami nikacheka.

Baada ya wiki mbili akaja mzee mmoja chumbani kwetu. Ni baba mdogo wa yule dada, ndiye anayekaa naye. Mtu wa heshima, kanibeba nikiwa mtoto. Akakataa kiti, akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mwanangu, nasikia kuna kitabu kinachoonyesha binti yetu anafanya nini usiku."

"Ni kitabu cha mitambo tu, baba."

"Basi nifungulie niangalie. Watu wamekuja kuuliza habari zake, wana nia njema ya kuoa. Siwezi kuwapa mtu nisiyemjua usiku wake."

Sikumfungulia. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba kile si kitabu changu. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Lakini wewe umekisoma," akaondoka. Ndugu msomaji, jibu sikuwa nalo. Aliyemletea mzee habari ni mimi, na ulimi wangu wa kijiweni.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama suala upya. Tulikimbia shahidi wa mbali kwa sababu hatujui wala hatujali. Tukamweka wa karibu. Lakini wa karibu anaujua mlango wa nyumbani kwako, anamjua baba yako mdogo, anakaa kijiweni. Wa mbali anaweza kukufunga bila kukuchukia. Wa karibu anaweza kukuumiza bila kukufunga, kwa mzaha mmoja tu. Je, yupi afadhali?

Wako wanaosema kwamba mwenyeji daima ni bora kuliko mgeni, cha kwetu ni cha kwetu. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilipenda kujilinganisha na vijana wa zamani wa hapa Rungwe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wameeleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao, kijiji cha rika. Nikasema, sisi ndio hao, tumejenga chetu kwenye intaneti! Lakini nilisahau nusu ya habari. Vijana wale walilala kwao, ila chakula walikwenda kula kwa mama zao. Na sisi umeme ni wa TANESCO, programu ni ya wenye hisani wa mbali, laini ni ya kampuni. Kujitegemea kabisa hakupo. Kuna kuchagua tu unamtegemea nani, na kwa masharti gani.

Naona basi kwamba swali la mbali au karibu si lenyewe. Lenyewe ni hili: anayekushikia ufunguo, nani anamwona yeye? Na je, ukitaka kuondoka, atakuachia uondoke na vitu vyako? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozikusanya. Sisi hatukukusanya saa za watu ili tupate vichekesho vya kijiweni.

Niliitisha mkutano nikakiri. Tukakubaliana daftari la matukio lifutwe kila baada ya siku saba. Ufunguo wa msimamizi tukaugawa: neno la siri ninalo mimi, simu inayotoa tarakimu za kuthibitisha anayo mweka hazina. Kila anachofanya msimamizi kinaandikwa, na kinasomwa mbele ya wote mwisho wa mwezi. Najua, anayekaa na kompyuta yenyewe bado anaweza kupita dirishani. Ndiyo maana tumesema pia chumba kisifunguliwe na mtu mmoja.

Yule dada nilimfuata mwenyewe kabla ya mkutano, nikamweleza yote, pamoja na ule utani. Alinyamaza. Halafu akasema, "Kaka, saa nane ndiyo saa pekee ambayo simu ya nyumbani inakuwa haina mtu." Alikuwa akijiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Akaniomba mafaili yake. Nikampa yote, nikaifuta akaunti yake mbele ya macho yake. Siku hizi anaingia kwa shahidi wa ng'ambo, wale wale tuliowakimbia sisi. Anasema wale hawamjui baba yake mdogo.

Tumebaki 42. Seva inawaka, mvua inanyesha, kontena halijafa tena. Kila nikiketi pale na ufunguo wangu nusu, najiuliza kama yule dada alikosea kuondoka. Sijaweza kusema ndiyo. Wewe msomaji, ungebaki?