Je, Kuwa na Majina Mawili katika Simu ni Unafiki?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua ya siri na ya dhahiri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu la baada ya Magharibi kumezuka mabishano ambayo hayakumalizika kwa kikao kimoja wala viwili. Asili yake ni bibi mmoja aliyetuletea suala la ndoa kwa njia ya simu. Lilikuwa suala la haki, limeandikwa kwa adabu, na ndani yake mlikuwa na khabari za nyumba yake ambazo mtu hamwelezi illa mwanachuoni au tabibu. Mwenye kuishika simu ya darasa aliona suala lina faida kwa wengi. Akaupiga picha uso wa simu, pamoja na jina la bibi yule na nambari yake, akaipeleka ile picha katika kundi la WhatsApp la darasa lenye watu wasiopungua mia mbili. Mwenye kuishika simu siku ile nilikuwa mimi. Kabla ya Alasiri picha ilikuwa imevuka mtaa. Kabla ya Isha ilikuwa imevuka bahari, imefika kwa shemeji zake walioko Ghuba. (Miji nimeigeuza, na suala lenyewe silitaji, kwani kosa moja lanitosha.)

Nilikwenda kumtaka radhi kwa kaka yake, akanipokea kwa heshima ambayo sikuistahiki. Bibi mwenyewe hakusema neno.

Ikapita miezi. Kisha likaja suala jingine katika simu ile ile, kutoka laini mpya, haina picha, na mahali pa jina pameandikwa "Mja wa Mungu". Waliokuwapo waliitambua lugha yake. Ndipo kijana mmoja katika wanafunzi wetu, naye ni kijana mwenye bidii ya dini, aliposema: Huyu sasa ana majina mawili na laini mbili, na Mtume (s.a.w.) ametueleza, kwa riwaya ya Abu Hurayra iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa katika watu waovu kabisa ni mwenye nyuso mbili, awaendeaye hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule. Basi tumjibu, au tumwambie kwanza ajitaje?

Wengine walinyamaza, nami nilinyamaza zaidi yao, kwani nilikuwa na lawama. Lakini suala la kijana ni suala la kweli, na siku hizi halimhusu bibi mmoja tu. Wengi katika sisi wana laini ya jamaa na laini ya biashara. Yuko mwalimu asiyetaka wazee wa wanafunzi wake wazione picha za watoto wake. Yuko aliyeingia Uislamu naye bado akaa na wazee wasiomridhia. Yuko mgonjwa aulizaye dawa ya maradhi yake mbele ya watu asiowajua. Hawa wote wamefungua milango miwili katika nyumba moja, na yapasa tuwaambie kama wamekosa au hawakukosa.

Nasema, na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu: hadithi ya mwenye nyuso mbili ni sahihi, na kijana ameikumbuka vyema, lakini ameiweka si mahali pake. Wanavyuoni wameieleza kuwa ni mtu anayeziendea jamaa mbili zenye ugomvi, kila moja akaiambia: Mimi ni wenu, na wale ni wabaya. Hapo kilichogeuka ni neno. Ama bibi wetu, neno lake kwa laini ya kwanza na kwa laini ya pili ni moja; kilichofichwa ni mlango aliotokea. Hakumdanganya mtu kwa hilo, wala hakutwaa jina la mtu mwingine. "Mja wa Mungu" ni jina la kila mmoja wetu.

Tena tutazame waliotutangulia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa na suala la tohara, katika yale yampatayo mwanamume, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa binti yake ndiye mkewe. Akafanyaje? Alimwambia Miqdad bin al-Aswad amuulizie. Miqdad akauliza, na Mtume akajibu. Basi suala lilikuwa la Ali, na ulimi ulikuwa wa Miqdad. Lau kujificha nyuma ya jina jingine wakati wa kuuliza kungekuwa ni unafiki, tungepata khabari ya makemeo, nasi hatukuipata. Tulichopata ni hukumu ya kisheria inayosomeshwa mpaka leo katika vyuo vyetu, na haya ya Ali ikahesabiwa katika sifa zake.

Na Hind bint Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa uso wake na jina lake, akamshtakia mumewe Abu Sufyan kuwa ni bakhili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake. Akapewa ruhusa atwae kwa kadiri ya haki. Imam Nawawi ameitaja hadithi hiyo katika Riyadhus Salihin kuwa ni dalili ya kujuzu kumtaja mtu kwa ajili ya fatwa. Lakini kabla ya hapo ametanguliza kwamba lililo bora ni muulizaji aseme: Wasemaje juu ya mtu, au mume, ambaye mambo yake ni kadha wa kadha? Haja yake hutimia pasi na kumtaja mtu. Tazameni, ndugu zangu. Hind hakukosa kwa kujitaja, wala Ali hakukosa kwa kutojitaja, na njia ya sitara ndiyo iliyopendekezwa. Basi sisi twapata wapi haki ya kumwambia bibi yule ajitaje kwanza?

Ndugu zetu wa Lamu watanifahamu upesi nikitoa mfano wa nyumba zao za mawe. Mpita njia hukaa dakani, wala hajaingia. Nyuma ya mlango mna tekani, nayo imepindwa makusudi ili jicho la njiani lisifike kiwandani. Baada ya kiwanda ndipo misana, na baada ya misana ndipo ndani. Na mgeni wa kulala ana sabule yake juu, mbali na watu wa nyumba. Mwenye nyumba huzungumza na mchuuzi dakani, na mkwe msanani, na mkewe ndani, kila mmoja kwa namna yake. Hakuna aliyepata kusema kuwa mtu huyo ni watu watatu. Mafundi waliozijenga nyumba zile waliijua Suratun Nur, ambamo Mwenyezi Mungu amekataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu, na amewaamrisha hata watoto na watumishi wa ndani waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, na adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa nyumba ana mlango wa kubishia, je watu mia mbili wa kundi la WhatsApp?

Na tusiseme kuwa simu si nyumba. Sahl bin Saad ameeleza kuwa mtu mmoja alichungulia katika tundu ya chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana chanuo la chuma mkononi ajikunia kichwa. Alimwambia kwamba lau angalijua anamtazama angalimdunga jichoni, na kwamba idhini haikuwekwa illa kwa sababu ya kutazama. Sababu ya hukumu, basi, ni jicho, si kizingiti. Popote jicho liingiapo pasi na idhini, hukumu ipo. Nami nilipoipiga picha barua ya yule bibi niliwachungulisha watu mia mbili katika tundu moja.

Sharia ya nchi yetu nayo imeliona jambo hili. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake ni kwamba khabari za jamaa yake na mambo yake ya siri zisidaiwe wala zisifichuliwe pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Ikafuata sharia ya kuhifadhi taarifa za watu ya 2019. Tuliwaona pia wakopeshaji wa simu waliokuwa wakichukua majina yote yaliyomo katika simu ya mdaiwa, kisha wakawapigia shangazi na mwajiri ili wamfedhehi, mpaka Benki Kuu ilipotoa kanuni mwaka 2022 za kuwakataza. Ni aibu kwetu kwamba mkopeshaji akatazwe na serikali, na watu wa darasa wasijikataze kwa Aya iliyomo katika Suratul Hujurat ya kukataza upelelezi na kusengenyana.

Hayo ni ya ruhusa. Sasa niseme na yule mwenye kuifurahia ruhusa kupita kiasi, kwani namjua, na huenda ameshaanza kutabasamu.

Laini ya pili ya kumwandikia binti wa watu huku mke hajui, hiyo si sitara. Jina la kike alitwaalo mwanamume ili aingie katika darasa la wanawake ni khiyana. Akaunti isiyo na jina ya kuwatukania masheikh na majirani, mwenyewe asubuhi akawapa mkono msikitini, basi huyo hasa ndiye wa hadithi ya nyuso mbili, na kijana wetu angaliitoa hadithi yake hapo tungalimshukuru. Mwenye kutwaa jina na picha ya mtu aliye hai akaomba pesa kwa jina hilo ameiba mara mbili. Na mdaiwa anayebadili laini ili mwenye haki asimpate, haki ile yamngoja mahali pasipo laini. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameeleza khabari za watu wanaojificha kwa watu wala hawajifichi Kwake, naye yu pamoja nao wapangapo usiku maneno asiyoyaridhia. Aya ile haikuwalaumu kwa kujificha na macho ya watu tu. Imewalaumu kwa walichokuwa wakikipanga gizani.

Liko na jambo la masharti. Muislamu hufungwa na sharti aliyoikubali. Facebook humtaka mtu katika akaunti yake atumie jina analojulikana nalo kila siku. Tangu 2023 imeruhusu kurasa za ziada chini ya akaunti ile ile. Basi mwenye haja atumie mlango uliofunguliwa, asivunje dirisha. Laini za Kenya nazo husajiliwa kwa kitambulisho. Bibi wetu laini yake ya pili aliisajili kwa jina lake, hivyo mwenye haki ya kumjua kwa amri ya hakimu atamjua. Aliojificha nao ni wambea, si hakimu.

Tena nawahadharisha wenye kudhani kuwa wamejificha. Mwenye kutaka kujua laini ni ya nani mara nyingi humtosha kuanza kuipelekea pesa kwa M-Pesa, na jina la mwenyewe humtokea kabla pesa hazijaondoka. Kwa hivyo laini ya kuulizia masuala na isipewe huduma hiyo. Picha moja iliyowekwa katika akaunti mbili huziunganisha akaunti zote mbili. Ukikubali programu isome majina yaliyomo katika simu yako, itawapendekezea jamaa zako ile akaunti uliyowaficha. Katika makundi ya WhatsApp nambari yako yaonekana na wenzio. Telegram yaruhusu kuificha, na Signal imeruhusu kutumia jina badala ya nambari tangu 2024. Na baada ya yote hayo hubaki lugha ya mtu, kama sisi tulivyomtambua bibi yule kwa maneno yake. Tulipomtambua ilitupasa tunyamaze. Badala yake tulilitaja jina lake barazani. Hilo ni kosa la pili, na la hilo sikuwa peke yangu.

Kijana wetu nilimweleza haya, akauliza: Je, muulizaji akisema uongo nyuma ya pazia? Nikamwambia fatwa huenda na suala. Aliyesema uongo katika suala lake amejitolea fatwa mwenyewe, nasi hatuna dhima. Hakukinai sana, nami simlaumu, kwani yako masuala ya talaka na mirathi ambayo kadhi hawezi kuyakata bila ya kuwasikia pande mbili kwa majina yao. Hayo twayapeleka kwa kadhi. Ya darasani ni ya kusomesha tu.

Tumekubaliana, basi, kama ifuatavyo. Simu ya darasa itashikwa na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Suala litanakiliwa kwa mkono katika daftari, bila ya jina wala mtaa, kisha ujumbe utafutwa. Litasomwa kwa kusema: Mtu mmoja ameuliza. Atakayetaja barazani kuwa amemtambua muulizaji atatoka katika kundi, awe nani awaye. Na suala la pili la "Mja wa Mungu" tumelijibu Ijumaa iliyopita, katika laini ile ile aliyolituma, hatukuongeza neno la kumwonyesha kuwa twamjua.