Uhuru wa Kusimama

Filamu za mapambano ndani ya treni ziendazo kasi zina hofu mbili. Ya kwanza ni ya treni isiyoruhusiwa kusimama. Katika filamu ya Kijapani Shinkansen Daibakuha ya mwaka 1975, bomu limetegwa kwenye treni, na mwendo ukishuka chini ya kilomita 80 kwa saa, litalipuka. Ya pili ni ya treni isiyoweza kusimama, kama katika Unstoppable ya Tony Scott (2010), iliyotokana na treni ya mizigo iliyojiendea bila dereva huko Ohio, Marekani, mwaka 2001.

Mtazamaji wa kibanda cha video jijini Nairobi, pale Kongo, Kawangware, au kule Kibera, hahitaji kuelezwa hofu hizi, hata kama hana DJ Afro wa kumsimulia filamu kwa Kiswahili. Kibarua wa mjengo na mama anayefulia watu nguo wanaishi na bomu lile lile. Siku ya homa haina malipo, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba haiulizi ulikuwa mgonjwa au mzima. Wapo watakaowasifu kwa bidii yao. Mimi nauliza: mtu asiyeweza kusimama, je, ana uhuru?

Tumezoea kuufikiria uhuru kama mwendo: kwenda utakako, kupanda, kusonga mbele. Hata hivyo abiria wa treni ile ya Kijapani wanakwenda kasi kuliko watu wengi nchini mwao, nao ni mateka. Methali isemayo haraka haraka haina baraka haiwafai, kwa kuwa inamwonya anayejiharakisha, ilhali wao wameharakishwa.

Filamu hujibu kwa kumleta shujaa. Anatembea juu ya mabehewa, anahatarisha maisha, anaokoa wote. Ushujaa wake unanigusa, lakini pia unashtaki: panapohitajika shujaa, ujue breki zilikosekana mapema. Vivyo hivyo mama anayeamka na homa kwenda kufua anastahili heshima yetu, na heshima hiyo isitusahaulishe kwamba hakupaswa kwenda.

Shinkansen halisi, treni ya kasi ya Japani, inatoa jibu lililo bora. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipoipiga Japani, vipima-tetemeko viliamuru Shinkansen za kaskazini-mashariki zifunge breki zenyewe, na hakuna abiria aliyekufa ndani yake. Nchi inayosifiwa kwa kasi yake ilikuwa imegharamia kusimama kwa miaka mingi.

Kwetu Nairobi, reli inapita katikati ya Kibera. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, vijana waliing'oa. Sisifu uharibifu ule, uliowaumiza hata wasiohusika. Ila naona humo onyo: wasiokuwa na breki katika maisha yao wenyewe huishia kuisimamisha safari ya wengine.

Breki za maisha zinajulikana. Ni chama kinachomkopesha mgonjwa, bima ya afya inayolipa kweli hospitalini, na mwajiri anayelipa siku ya ugonjwa. Ya kwanza maskini wamejijengea wenyewe. Hizo nyingine ni deni la serikali na la sisi tunaowaajiri. Tukitaka kujua jamii yetu ina uhuru kiasi gani, tusitazame treni zake zinakwenda kasi gani. Tuhesabu ni wangapi wanaoweza kupumzika leo na kesho wakala.